Kung'oa ua wa zamani na visiki vyake: mwongozo kamili kwa bustani za Moshi na Arusha

Nyumba nyingi za zamani za Shanty Town hapa Moshi, au za Uzunguni kule Arusha, zina ua ambao aliyeupanda hayupo tena. Ulipunguzwa miaka kadhaa, mwenye nyumba akahamia Dar, wapangaji wakaja na kuondoka, na leo michongoma imekuwa miti, bogenvilia imepanda juu ya paa la banda, na katikati yake lantana imejiotea yenyewe. Ukimwita kibarua ukamwambia tu "safisha hapo," jioni utakuta kila kitu kimekatwa usawa wa ardhi. Kwa macho panapendeza. Lakini shina lililokatwa ndilo lingekuwa mpini wa kung'olea kisiki, na sasa limeshapakiwa kwenye kirikuu kama kuni.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa yeyote atakayeshika panga: asikate chini. Sababu zake utaziona tukifika kwenye mtaro.

Mpaka, bomba na jirani

Ua wa zamani mara nyingi ndio mpaka wenyewe. Tafuta kwanza bikoni za kiwanja, uzioneshe kwa kijiti kirefu chenye kitambaa chekundu. Kuhamisha au kuharibu bikoni ni kosa kisheria, na mtu aliyeinua sururu hana muda wa kutofautisha bikoni na jiwe. Kama eneo halijapimwa, hasa huku vihambani, kwenye mashamba ya ukoo ya Wachaga, mwite jirani muutembee ua wote pamoja, mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji akiwepo, na mpige picha kabla na baada.

Masale yana heshima yake. Kwa Wachaga, isale ni jani la kuombea msamaha na ni alama ya mpaka wa kihamba. Hata kama mstari wa masale uko wazi ndani ya eneo lako, usiung'oe kimyakimya. Nenda kwa mzee wa upande wa pili, kaa, mweleze. Mara nyingi atakubali, pengine atakuomba tu uyahamishie mahali fulani. Usipokwenda, unaanzisha kesi ya ukoo ambayo watoto wako ndio watakaoimaliza.

Halafu mabomba. Mafundi wengi hulaza bomba la plastiki sambamba na ua, tena juujuu. Anzia kwenye mita, uone linaelekea wapi, na ujue koki iko wapi kabla hujaanza kuchimba. Mahali unaposhuku linapita, weka sururu pembeni: chimba kwa chepe na mkono. Wanaochimba sana huutambua udongo kwa mtaimbo ukisukumwa taratibu. Jiwe linalia na kuukataa, mzizi unaupokea kidogo kisha unaubana, bomba linaurudisha mkononi. Nimesema kusukuma. Ukiupiga kwa nguvu ili usikilize, utasikia maji.

Matawi yaliyofika kwenye nyaya za umeme ni kazi ya TANESCO, na waya wa kushikilia nguzo yao haufungwi kamba wala hauchimbwi karibu. Ua uliosimama kwenye ukingo wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, nao usiung'oe wote kwa mara moja, kwa sababu mizizi hiyo ndiyo inayoshika ukingo maji yasile shamba la mwenzako. Hapo kata juu, acha mizizi, panda mapya kwanza.

Mwisho kabla ya panga: kaa mita kadhaa kutoka kwenye ua saa za jua kali, utazame kama kuna nyuki wanaoingia na kutoka sehemu moja. Wakiwepo, tafuta mrina asali, usijaribu moshi wa matairi. Nyoka hupenda majani makavu yaliyorundikana chini ya ua, basi rundo hilo livutwe kwa reki yenye mpini mrefu, si kwa mikono.

Ni ua wa mti gani?

Watu huuliza kifaa gani kinafaa kabla ya kuuliza mti gani. Kila mti una namna yake ya kufa, na mingine haifi kirahisi.

Mchongoma wenye matunda ya njano machachu ndio mgumu kuliko yote. Asili yake ni kusini mwa Afrika, ukaletwa huku kwa sababu hakuna ng'ombe wala mwizi anayeupita. Miiba yake huweza kulingana na kidole, na inatoboa soli ya buti la mvua kana kwamba haipo. Ukitaka kujua kwa nini ua huu unarudi kila ukikatwa, futa udongo pale shina linapokutana na mzizi. Utaona shingo nene iliyovimba, rangi yake imepauka kuliko gome la juu, imejaa vijicho vidogo kama chunusi. Kila kijicho ni tawi linalosubiri nafasi. Shingo hiyo ikitoka nzima, kazi kubwa umeimaliza. Ikibaki hata nusu, mvua za masika zitakuonesha.

Manyara ni kinyume. Mizizi yake si ya kina, kisiki hutoka bila ugomvi mkubwa, hatari iko kwenye utomvu mweupe. Ukiingia machoni huwaka vibaya na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Kila aliye kwenye kazi avae miwani ya kinga iliyoziba pembeni, pamoja na anayebeba matawi. Ukimpata mtu machoni, mwoshe palepale kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, asijisugue, kisha apelekwe hospitali. Moshi tuna bahati ya kuwa na idara ya macho pale KCMC. Osha panga na glavu kabla ya kula. Vipande vya manyara usivitupe shambani, vitaota, wala usivichome vikiwa vibichi kwa kuwa moshi wake nao unawasha. Vianike juu ya turubai au sakafu ya zege mpaka vinyauke kabisa.

Oleanda, ile ya maua ya waridi na ile ya njano, ina sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Kuni zake hazipikiwi na vijiti vyake havichomewi mishikaki. Waambie vibarua waziwazi, maana kuni za bure hakuna anayeziacha.

Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki na sasa imejaa kila kona. Kisiki chake ni kidogo lakini huchipua kutoka kwenye shingo, na ndege wanaeneza mbegu. Ing'oe kabla matunda hayajawa meusi. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo usimruhusu mtu ayapeleke zizini kama malisho. Bogenvilia ina mizizi michache minene iendayo mbali. Shida yake ni miiba na vipande vya matawi vinavyoota tena vikiachwa kwenye udongo mbichi.

Misaipresi, ile watu huiita miti ya Krismasi, ndiyo rafiki yako. Ukiikata chini ya tawi la mwisho lenye kijani, haichipui tena. Kama hupandi kitu palepale, kisiki unaweza kukiacha kioze na usipoteze hela.

Msimu

Udongo unaotaka ni ule uliolowa ukatulia: ukiufinya unashikana, ukiuachia unavunjika. Hiyo ni wiki moja au mbili baada ya mvua kubwa kukata, kati ya vuli na masika au masika yanapoisha kuelekea Juni. Katikati ya Aprili shimo linajaa maji usiku na buti linabaki matopeni. Februari ya jua kali sururu inarudi juu na kumtikisa mtu mabega.

Kule juu, Kibosho na Machame, udongo mwekundu wa volkano ni mlaini na unachimbika karibu muda wote. Ukishuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC unakuta udongo mweusi wa mbuga ambao ukikauka unapasuka na kuwa mgumu, ukilowa unanata kwenye chepe. Huo una siku chache tu za kufanyika kazi. Arusha mara nyingi adui ni mawe, na mizizi huyakumbatia. Usipigane na vyote viwili, toa jiwe kwanza.

Ikibidi ufanye kazi wakati wa kiangazi, chimba kijitaro kuzunguka kisiki jioni, kijaze maji, funika kwa magunia, rudi asubuhi ya pili yake.

Vifaa

Sururu, mtaimbo mrefu, chepe, jembe, shoka na msumeno wa mkono wa zamani ambao hutausikitikia, kwa maana mchanga unaua meno. Panga mbili: moja kali ya matawi, nyingine kuukuu ya mizizi. Tupa ya kunolea ikae mfukoni na itumike kila mara, shoka butu ndilo linalomjeruhi mtu. Kwa michongoma, glavu za ngozi za mafundi welda ni bora kuliko glavu zozote za bustani, na viatu viwe vya ngozi vyenye soli nene. Mwiba ukikatikia karibu na kiungo usiuchokonoe kwa pini, nenda zahanati, na uulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Msumeno wa injini ni mzuri kwa mashina ya juu. Usiushushe kwenye udongo: mnyororo unakuwa butu kwa dakika moja, na ncha ikigusa mzizi au jiwe msumeno unaweza kuruka kumrudia aliyeushika.

Kukata juu, kubakiza mpini

Anza upande mmoja wa ua na uende mbele; usirukeruke. Kata matawi madogo kwanza na uyaondoe kabisa kwenye eneo la kazi, kwa sababu mwiba ulioko chini ya majani makavu ndio utakaokutoboa alasiri ukiwa umechoka. Shina kuu libaki na urefu wa mita 1 hadi 1.2. Kama kisiki kina mashina mengi, bakiza mawili au matatu manene zaidi, mengine yakate karibu na shingo ili upate nafasi ya kuingiza chepe.

Mtaro

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu wengi huchimba shimo kuzunguka kisiki kimoja, wakahangaika nacho nusu siku, kisha wakahamia cha pili na kuanza upya. Visiki vya ua vimepangwa mstari, basi utumie huo mstari. Chimba mtaro mmoja mrefu upande mmoja wa ua, upande ulio na nafasi na usio na bomba, umbali wa sentimita 50 hivi kutoka kwenye mashina, kina cha sentimita 50 hadi 60. Tandika turubai upande wa nje uweke udongo juu yake, ili usije ukaupoteza kwenye nyasi.

Kila mzizi unaokutana nao kwenye mtaro, kwanza ufute udongo kwa mkono au umwagie maji kidogo. Ukate mara mbili: karibu na ukuta wa mtaro, kisha karibu na kisiki, na kipande cha katikati ukitoe. Ukiukata mara moja tu, ncha mbili zinabaki zimegusana, unazidi kuzipiga kwa chepe bila kujua. Mizizi minene kama mkono wa mtu bakiza sentimita 20 au 30 kwenye kisiki, tutaihitaji.

Ukishamaliza upande huo, fungua kidogo upande wa pili wa kisiki cha kwanza, kiasi cha kufikia mizizi ya pembeni. Sasa shika ule mpini, yaani shina uliloliacha, ulivute kuelekea kwenye mtaro, uliachie, ulivute tena. Mtu mmoja anavuta, mwingine anatazama udongo. Pale unapopasuka na kuinuka mbali na kisiki ndipo ulipo mzizi ambao haujakatwa. Achia, chimba hapo, kata. Usiendelee kuvuta kwa hasira, utavunja shina na kupoteza mpini.

Kisiki kikianza kulala, kilaze kabisa mtaroni, chimba chini yake kwa mtaimbo, mwagia maji uone, kisha kata mzizi wa kati. Utasikia unatatarika kwanza, nyuzinyuzi zikikatika moja moja. Mtu asiingize mkono wala mguu chini ya kisiki kilichoinuliwa na watu.

Kisiki cha kwanza ndicho kitakula muda. Cha pili kina upande mmoja ulio wazi tayari, cha tatu unaanza kukijua.

Kikikataa

Bado jeki kabla ya gari. Jeki ya chupa iliyowekwa juu ya ubao mnene na mpana, chini ya mzizi ule uliobakizwa, huinua kisiki ambacho watu wanne wameshindwa. Pandisha kidogo, kagua, kata mzizi uliokaza, pandisha tena. Ingiza mawe au magogo chini kadiri kinavyoinuka, ili kikiteleza kisirudi na mkono wa mtu. Cheni bloku ya gereji nayo inafaa kama una mti mkubwa hai wa kuifungia. Ifungie chini kabisa ya shina, ukiukinga kwa magunia. Usiifungie kwenye nguzo ya ukuta, maana ukuta ndio utakaokuja.

Arusha kila wa pili ana rafiki mwenye Land Cruiser ya utalii yenye winchi, na ushauri wa haraka utakuwa "tuite gari." Sawa, ila baada ya mtaro kuchimbwa na mizizi kukatwa. Gari lililofungwa kwenye kisiki kisichochimbwa linajichimbia magurudumu, au linakata mnyororo. Kebo iliyokazwa ikikatika inarudi na kujeruhi vibaya. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kebo, watoto waingie ndani, kebo iwekewe gunia zito katikati, na dereva avute taratibu bila kuruka. Kamba ya katani au ya nailoni ya kufungia mizigo si ya kazi hii.

Usichoweza kung'oa

Kisiki kilichobanwa na msingi wa nyumba, tangi la maji taka au ukuta wa jirani usiking'oe, utang'oa na vingine. Kikate chini iwezekanavyo, kisha una njia mbili za maana.

Kwa anayetaka dawa, glaifoseti hupakwa kwa brashi kwenye kisiki kilichokatwa muda huohuo, ndani ya dakika chache. Ipake kwenye pete ya nje iliyo chini tu ya gome, ndiko kwenye uhai. Katikati ya mti hakuna faida. Subiri siku isiyo na mvua. Nunua chupa iliyofungwa, yenye kibandiko kinachosomeka na iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu yenye makao yake Ngaramtoni, na fuata kipimo cha kwenye kibandiko, si cha muuza duka. Dawa ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji usiinunue kabisa. Na kama mizizi imeingiliana na ya mti wa jirani, acha.

Njia ya polepole: toboa mashimo mengi kwenye kisiki, yajaze samadi, lowesha, funika kwa udongo au plastiki nyeusi, na ukate kila chipukizi likiwa dogo. Mti unaokosa majani unamaliza akiba ya mizizi. Inachukua muda mrefu, miaka kwa mchongoma, lakini haikugharimu kitu. Mchwa watasaidia, kwa hiyo usifanye hivyo karibu na fremu za mbao za nyumba.

Oili chafu, dizeli na chumvi viache. Vinaua udongo kabla havijaua kisiki, na mgomba wako wa chini ya mteremko ndio utakaovinywa. Moto nao siupendi mjini: mzizi mkavu huwaka chini ya ardhi polepole na kutokea kwingine, penye bomba la plastiki au banda la jirani.

Makubaliano na vibarua

Lipa kwa kisiki kilichotoka na shingo yake, si kwa siku. Ukilipa kwa siku kazi itaota mizizi mipya. Tembea na kibarua ua wote, hesabuni visiki pamoja, mwoneshe kimoja mnachokiita "kimetoka." Mafundi wa kazi hii nao wana ujanja wao wa haki. "Mama, hii bei ni ya kung'oa au ya kukata?" Fundi akikuuliza hivyo, anaijua kazi. Kubalianeni pia mapema nani anachukua kuni, nani anabeba miiba, na nani anafukia mashimo, kwa kuwa hayo matatu ndiyo yanayoleta maneno jioni. Vifaa vya kinga ni juu yako mwenye nyumba. Chai na chapati pia.

Shimo na udongo

Pitia udongo wote kwa reki kabla ya kuurudisha. Vipande vya shingo na vya lantana vitoe, mizizi myembamba iache ioze. Usizike magogo mbichi shimoni ili kupunguza kazi ya kubeba, ardhi itabonyea baadaye na mchwa watahamia. Rudisha udongo kwa tabaka, kanyaga kila tabaka kidogo, changanya samadi iliyooza tabaka la juu, na malizia na tuta la sentimita 10 au 15 juu ya usawa, maana mvua italishusha.

Ukikuta chini ya gome la mizizi utando mweupe bapa wenye harufu ya uyoga, hiyo huwa ni armilaria, ukungu unaoozesha mizizi na kuhamia kwenye miti mingine, kahawa ikiwemo. Hapo toa kila kipande unachokiona, hata kidogo, na usipande mti wala kahawa palepale kwa sasa. Panda mahindi au mboga. Wenye kahawa jirani waulize watu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu. Na kama ua una migrivea mikubwa ambayo huna haraka nayo, vua gome pete nzima kuzunguka shina mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuikata. Mizizi itakufa ikiwa imetumia wanga wake, na ukungu hautakuta chakula. Mashamba ya chai ya Afrika Mashariki hufanya hivyo tangu zamani.

Msimu wa kwanza panda matembele au maharage kwenye mstari wa ua. Matembele hufunika ardhi na kunyima lantana mwanga, maharage hustahimili udongo ambao mizizi inayooza imeula naitrojeni. Mahindi yatageuka njano hapo usipoongeza samadi.

Kisha pita kila wiki mbili katika mvua za kwanza. Chipukizi la mchongoma hutoka laini, na linang'oka kwa vidole viwili likiwa chini ya urefu wa kiganja. Livute na kipande chake cha chini. Ukilikata kwa panga, yatakuja matatu.